Samaki Aliyesukwa kwa Herufi

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kompyuta, huwa nawajibu: Kindu, katikati ya magunia ya chumvi. Hucheka. Basi na wacheke, mimi nilikuwapo. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire ya chama kimoja, wakati bado tunaitana sitoyeni, yaani raia, na wanaume wenye vyeo wanavaa abakosti iliyofungwa vifungo hadi kooni, hata jua likiwaka namna gani. Patroni wangu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kuimba tenzi huku akikagua mizigo, mwenye duka la jumla na kazi ya kusafirisha bidhaa kwa meli na kwa treni. Dukani kwake ndimo ilimowekwa mashine ile, na sidhani kama mjini kote zilikuwapo nyingine za kuhesabika.

Ilifika kutoka Goma imeviringishwa ndani ya godoro, na kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kuifungua. Nadhani patroni aliinunua kwa sababu mwenzake wa Butembo alikuwa nayo. Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya kaunta, nakata miche ya sabuni kwa waya na kupima chumvi, na cheti changu cha kupiga taipu kilikuwa kinaliwa na mende sandukuni. Nikamwambia, "Patroni, unipe kile kitabu chake." Kilikuwa kitabu kinene cha Kifaransa. Asubuhi nauza sabuni, mchana nasoma, na jenereta ikiwashwa naenda kujaribu niliyoyasoma. Baada ya miezi mitatu kompyuta ilikuwa inaandika hati za mizigo, na mimi nilikuwa na kiti. Kiti cha kuzunguka, chenye mto mwekundu. Sijawahi kupenda kitu cha chuma kama nilivyokipenda kile kiti.

Kioo cha mashine kilikuwa cheusi na herufi zake za kijani. Herufi na tarakimu, basi. Hata ungeibembeleza vipi, haikuweza kuchora mstari uliopinda. Kwangu hilo halikuwa tatizo, mpaka siku patroni alipopata wazo la alama.

Wazo lenyewe lilikuwa zuri, lazima nikiri. Mizigo yetu ilipita mikononi mwa wapakiaji wa bandarini na wa stesheni, watu wenye mabega kweli kweli, ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Jina la patroni liliandikwa kwa wino mkubwa kwenye kila gunia, lakini kwao ilikuwa michirizi tu. Gunia letu la mchele likapanda treni badala ya meli, la jirani likashuka kwetu, na kila mara kelele. Tulijaribu kufunga kitambaa chekundu mdomoni mwa gunia; kabla ya mwezi kuisha nusu ya soko ilikuwa imefunga vitambaa vyekundu. Ndipo patroni akasema anataka picha. Karatasi yenye picha iliyochapwa na mashine, ambayo mtu hawezi kuiiga kwa mkono wake, ishonwe ndani ya kipande cha nailoni na kutundikwa kwenye kila mzigo.

"Tembo," alisema. "Muntu yote anajua tembo."

Nikamwambia mashine haijui tembo. Uso wake ulivyosinyaa, utadhani nimemwambia duka limeungua.

Wiki iliyofuata, Jumatatu, meli ilileta fundi kutoka upande wa Kisangani. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni, kila neno lake limepigwa pasi. Patroni alimsikia akisifiwa bandarini akamleta dukani mara moja. Fundi akafungua kifuniko cha kompyuta yetu, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mle ndani mna kadi inayopeleka mambo kwenye kioo, na kwamba yetu ilikuwa ya zamani, ya kupeleka herufi peke yake. Iko kadi nyingine, akasema, inayopeleka hata picha. Akatoa katalogi ya karatasi zinazong'aa. Ndani yake kulikuwa na kioo kama chetu, ila juu yake farasi alikuwa anakimbia, na manyoya ya shingo yake yalipinda vizuri, moja moja.

Nisidanganye: niliitaka kadi ile kuliko patroni mwenyewe. Niliutazama ule ukurasa mpaka mate yakanijaa mdomoni. Nilijiona nikichora tembo, na mito, na ua kwenye kila hati. Lakini fundi alikuwa hajamaliza kusema.

"Hiyo karte iko ku Kisangani," alimwambia patroni. "Nitaenda na mashine yenu ya kuchapa, nirudi na ingine mupya yenye kupatana nayo. Na nitarudi na mwenzangu mumoja, alisomea hii mambo. Atakaa hapa na kuitumikisha."

"Na huyu?" patroni aliuliza, akinionyesha kwa kidevu.

Fundi akanigeukia kwa adabu kabisa. "Sitoyeni alifanya muzuri na herufi. Lakini herufi njo herufi, na picha njo picha."

Bei waliizungumza wao wawili, mlango umefungwa. Sikujali bei. Mimi nilikuwa nimeisikia bei ya kiti changu, nayo ilinitosha. Mlango ulipofunguliwa patroni aliniita. Meli, alisema, inarudi Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji ambayo hakuna chombo kilichoruhusiwa kuondoka kabla haijaisha. "Weye njo unajua hii mashine," alisema. "Mpaka Ijumaa uniambie: karte inahitajika ao haihitajike?"

Hebu fikiria mtego huo. Nikisema inahitajika, narudi kwenye sabuni. Nikisema haihitajiki, nani ataniamini? Kila mtu ataona nakilinda kiti changu, na ataona sawasawa. Nikavuka mto kwenda nyumbani Alunguli siku hiyo bila kumsalimia mtu mtumbwini, na kwetu hilo ni kosa kubwa kuliko kukanyaga mguu wa mwenzako.

Mama yangu alikuwa barazani, anasuka mkeka. Yeye alitoka kwenye ukoo wa waungwana wa zamani, watu wa swala tano, na mikeka yake ilijulikana kote ng'ambo ile ya mto. Majani meupe aliyaacha yalivyo. Meusi aliyazika siku kadhaa katika tope la kinamasi mpaka yashike rangi. Hakuwahi kusoma. Chaki aliitumia kuua sisimizi. Nikamsimulia yote: farasi, kadi, mwenzake fundi aliyesomea. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema.

"Mama, mbachao wangu hauwezi kuchora."

"Kwa nini?"

"Hauna duara. Iko na herufi tu, zinapangwa mustari kwa mustari."

Hapo ndipo aliponitazama, kwa macho ya mtu aliyezaa mjinga na sasa amethibitisha. Akanyoosha kidole mpaka ukutani, ulikotundikwa mkeka wa zamani niliolalia tangu utoto. "Na ule uko na duara?"

Mkeka ule ulisukwa picha ya samaki, na mimi nililala juu yake miaka yote ya udogo wangu bila kumwangalia. Nikausogelea. Mgongo wa samaki ulipanda na kushuka, mkia ulifunguka, tumbo lilijaa, na hapakuwa na mstari mmoja uliopinda. Yalikuwa majani ya kusimama na majani ya kulala, meusi na meupe, ngazi ndogo ndogo. Ukirudi nyuma hatua tatu, ngazi zinakwisha, samaki anaogelea.

Nikapiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikaleta daftari, na mama akanisomea mkeka ule kwa namna wasukaji wanavyofundishana, mstari kwa mstari kwa mdomo: nyeupe kumi, nyeusi moja, nyeupe sita, nyeusi mbili. Akikosa pumzi ananyamaza, akiendelea hakosei. Mimi naandika. Siku ya pili tuliendelea pale tulipoachia, maana samaki hakuwa mdogo.

Alhamisi nilifika dukani kabla ya patroni. Nikachagua herufi X, kwa sababu inajaza karatasi vizuri na inafanana na majani mawili yaliyopishana. Penye jani jeusi nikaandika X, penye jeupe nikaacha wazi. Jani moja, herufi moja, ningewezaje kukosea? Kisha nikachapa. Mashine ya kuchapa ililia kwa kelele zake za kupasua tambi kavu, na fundi na patroni wakaja kusimama nyuma yangu wote wawili.

Karatasi ilitoka. Samaki wangu alikuwa amebanwa mbavu, ameinuliwa, mrefu kwenda juu, tumbo limeingia ndani.

"Hii ni samaki," fundi aliuliza, "ao ni kijiko?"

Patroni alicheka mpaka akafuta machozi. Fundi alicheka kwa ustaarabu, mkono mdomoni, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikunja karatasi nikaitia kifuani ndani ya blauzi. Mtumbwini nililia, na sikujali nani ananiona. Nilikasirika na fundi, na patroni, na herufi X, na mama yangu kwa kunipa matumaini.

Jua lilikuwa bado halijatua nilipomtupia mama ile karatasi mapajani. Aliigeuza, akaishika mbali na macho, halafu akacheka na yeye. Nikasema sasa basi, hata wewe.

"Huyu ni samaki wangu," alisema. "Ila ulimusuka na majani membamba."

"Mama, haya si majani. Ni herufi."

"Hiyo herufi iko nene ao iko nyembamba?"

Nikaitazama X moja kwa karibu. Ni kweli ilikuwa nyembamba. Ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko upana wake, na mstari mmoja wa karatasi unachukua nafasi kubwa kuliko herufi moja pembeni. Miaka yote niliyopiga taipu sikuwahi kuliona jambo hilo, kwa sababu nilikuwa nazisoma herufi, na anayesoma haoni umbo la herufi.

"Kinamasi kikikauka," mama alisema, "tunapata majani membamba. Musuka mukeka hatupi kazi. Anashika mawili fasi ya moja." Akairudia kazi yake. Kwake lilikuwa jambo dogo, la kawaida, la kila kiangazi.

Ijumaa nikaandika XX penye X, na nafasi mbili penye nafasi moja. Samaki akanenepa palepale kwenye kioo, mstari hadi mstari, akashuka kijani kibichi, mgongo, pezi, mkia. Alinenepa hata akazidi kidogo, samaki wa nyumba yenye mafuta. Nikachapa nakala kumi. Halafu nikaenda kwa patroni, naye fundi amekaa naye wanakunywa chai, nikaweka karatasi mezani.

"Patroni," nikasema, "ulisema Ijumaa nikupe jibu. Nikikuambia karte haihitajike, utasema ninachunga kiti yangu. Na ni kweli, ninaichunga. Basi usinisikilize miye. Uite watu wa kupakia."

Patroni aliishika karatasi, akaisogeza, akairudisha. "Miye nilisema tembo. Miye muntu wa milima, samaki ya nini?"

"Mizigo yako haibebwe na watu wa milima. Inabebwa na watu wa muto."

Fundi akaiinamia karatasi. Akasema, na sauti yake ilikuwa bado imepigwa pasi, "Haina duara. Ukitazama karibu, ni herufi tu."

"Hakuna mupakiaji anabeba gunia na pua juu ya karatasi," nikamjibu. Nilikuwa nimeanza kupata pumzi.

Patroni alikuwa mfanyabiashara kwelikweli. Alipenda kuona kuliko kuambiwa. Akaamuru magunia ishirini yapangwe uani, yetu na ya jirani yamechanganywa, karatasi za samaki kwenye manane tu, na nyingine ziandikwe majina na tarakimu za kila aina. Akaita wapakiaji watatu kutoka bandarini. Hakuwaeleza kitu. Alisema tu: "Mizigo yangu njo ile ya samaki. Muweke kando."

Wakaenda. Wa kwanza hakusimama hata kidogo. Aliona, akainama, akabeba. Wa pili vivyo hivyo. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni, mpaka gunia la nane likatua pembeni bila kosa. Lakini wale wawili walikuwa wamesimama juu ya gunia la mwisho, wanabishana kwa sauti. Patroni akaenda mbio, akidhani wameshindwa kuitambua alama.

"Shida nini?"

"Huyu anasema ni kambale," wa kwanza alisema kwa hasira. "Mutazame ule mukia, patroni! Kambale iko na mukia vile? Huyu ni samaki ya kapiteni!"

Patroni alinigeukia. Sijui kama niliwahi kuona meno yake yote kabla ya siku ile. Alicheka tena mpaka machozi, lakini safari hii nilicheka naye, nikacheka hata nikamshika mpakiaji mmoja begani nisianguke. Kisha patroni akamwambia fundi, kwa upole, kwamba karte abaki nayo Kisangani kwanza, na mashine yetu ya kuchapa haitasafiri. Kadi ya kuchora farasi nilikuja kuitumia baadaye, miaka mingi baadaye, katika mji mwingine, na ni kitu kizuri sana. Ila farasi hakuwa na mzigo wa kubeba Kindu.

Jumamosi, mifagio ya salongo ilipowekwa chini, bandari ilijaa. Mizigo yetu yote ilipanda meli, samaki wamening'inia kwenye nailoni zao, wapakiaji wakiitana, "Kapiteni huku! Kapiteni ingine!" Nilikuwa nimesimama pale na hati zangu, nimenyooka kuliko mlingoti. Fundi akanijia. Alikuwa na sanduku la vyombo vyake, kubwa, na alilitazama lile rundo la mizigo inayorushwa kwa jicho la wasiwasi.

"Sitoyeni," alisema, "hakuna karatasi moja imebaki? Niweke ku sanduku yangu. Isipotee."

Nilimwambia samaki ni wa patroni, haitawezekana. Nikaona amekubali kwa adabu, anageuka. Nikamwita. Nikatoa kwenye mkoba ile karatasi ya Alhamisi, imekunjamana kwa machozi na kwa jasho la blauzi, nikaikunjua.

"Lakini kijiko haina mwenyewe," nikasema. "Uchukue."

Aliitazama muda mrefu, akanitazama mimi, na nafurahi kusema alikuwa muungwana kuliko nilivyomdhania. Akaangua kicheko, bila mkono mdomoni, akaifunga mwenyewe juu ya sanduku. Meli ilipong'oa nanga nilisikia mpakiaji akiuliza, "Na ile ya kijiko ni ya nani?" na fundi akijibu, "Yangu!"

Jumatatu nilimvusha mama. Alikuwa hajawahi kuingia lile duka. Alisema maduka ya jumla ni ya watu wanaonunua kwa gunia. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Patroni alisimama kumpokea, akamwita mama, akamletea chai mwenyewe. Nikawasha mashine. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumruhusu mtu yeyote, hata patroni: nikamkalisha kwenye kiti changu, juu ya mto mwekundu.

Samaki akajaza kioo. Mama hakushangaa kama nilivyotaka ashangae. Alisogea karibu, akaweka kidole juu ya kioo, akaanza kutoka kichwani, mstari kwa mstari, midomo inatembea. Nyeupe, nyeusi, nyeupe. Kidole kikashuka polepole mpaka karibu na mkia, kikasimama.

"Hapa," alisema, "uliruka jani moja."

Nikahesabu. Nikachukua daftari, nikahesabu tena. XX moja ilikosekana kwenye mkia. Nilikuwa sijaiona mimi, wala patroni, wala fundi, wala mpakiaji hata mmoja. Nikainama juu ya bega lake nikaiandika, na mama akaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa. Mama yangu hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe. Siku ile, amekaa kwenye kiti changu, alisoma ukurasa mzima wa herufi, akanisahihisha.